Roshani au dirisha? Namna ya kuchagua kabini ya meli ya kitalii ukitokea Uganda

Ukifungua ukurasa wa kulipia safari ya meli ya kitalii, iwe ya wiki moja kutoka Barcelona au ya siku chache kutoka Dubai, hutafika mbali kabla ya kuulizwa unataka kabini gani. Kabini za ndani hazina mwanga wa nje kabisa. Za dirisha zina kioo kisichofunguka. Za roshani zina mlango wa kioo unaokutoa nje, penye viti viwili na meza ndogo. Wengi wanaoniuliza hapa Kampala huwa wamekwama kati ya hizo mbili za mwisho, na wengi tayari wameshaegemea roshani kwa sababu ya picha waliyoiona: mtu amekaa na kahawa yake, mbele yake bahari ya buluu.

Ushauri wangu ni mmoja, na hatua zote hapa chini zinautumikia: nunua saa za mwanga, usinunue picha. Roshani ni kitu kizuri kweli ikiwa utaikalia. Usipoikalia, umelipia mlango.

Hatua ya kwanza: hesabu saa za mwanga baharini

Hapa ndipo uamuzi mwingi unapofanyika, kwa hiyo usiharakishe. Chukua ratiba ya safari, ile inayoonyesha meli inafika bandari gani saa ngapi na inaondoka saa ngapi. Kando ya kila siku andika saa ambazo meli itakuwa inatembea na jua bado lipo. Toa saa za kulala, za kula na za maonyesho ya jioni. Zinazobaki ndizo unazolipia unapolipia roshani.

Angalia njia inayouzwa sana ya Mediterania magharibi: Barcelona, Marseille, Genoa, Civitavecchia ambayo ndiyo bandari ya Roma, Palermo, na siku moja baharini. Mara nyingi meli hufika bandarini asubuhi kama saa mbili na kuondoka jioni kama saa kumi na mbili. Mchana wote wewe uko mjini, roshani iko gatini ikitazama makontena au basi za watalii. Mwezi Juni jua la Barcelona huzama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo kila jioni unapata saa tatu hivi za mwanga tangu meli inapong'oa nanga. Ukitoa chakula cha jioni, ukaongeza ile siku ya baharini, wiki nzima inakupa labda saa kumi na tano au kumi na nane za kukaa nje.

Sasa chukua njia hiyohiyo mwezi Desemba. Jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Meli inaondoka gizani, asubuhi inafika kukiwa ndiyo kwanza kumepambazuka, na roshani yako unaiona usiku tu. Sisi tuliokulia kwenye ikweta tunalisahau jambo hili kwa urahisi, kwa kuwa kwetu jua huzama karibu saa ileile mwaka mzima. Kwa safari ya baridi yenye bandari nyingi, sioni sababu ya mtu kulipia roshani.

Norway kiangazi ni habari nyingine. Kule mbali kaskazini jua halizami: Tromsø hukaa na jua usiku na mchana kuanzia karibu tarehe 20 Mei hadi karibu tarehe 22 Julai. Meli inapita kati ya milima kwa saa nyingi, na kila unapoinua macho kuna maporomoko ya maji au kijiji kilichojibana chini ya mwamba. Alaska nayo hukupa saa nyingi za kutazama, na vivyo hivyo safari za kuvuka bahari kuu zenye siku tano au sita bila bandari. Huko roshani inafanya kazi kila siku. (Kwa Norway, uwe na roshani au dirisha, beba kitambaa cha kufunika macho. Mapazia huacha mwanya, na jua la saa nane usiku halina huruma.)

Kipimo ninachotumia mimi: saa zikiwa chini ya kumi na mbili kwa wiki, dirisha linatosha. Zikizidi ishirini na tano, tafuta fedha ya roshani. Katikati hapo, endelea kusoma.

Hatua ya pili: fikiria upepo

Meli hizi zikiwa safarini mara nyingi hukimbia kilomita 33 hadi 40 kwa saa. Hata siku tulivu kabisa, mwendo huo wenyewe unaleta upepo. Joto la nyuzi 14 pamoja na upepo huo ni baridi ambayo hata mzaliwa wa Kabale, aliyezoea baridi ya milimani, ataitafutia koti. Asubuhi kiti cha roshani huwa kimelowa umande wa chumvi, na ukishika ukingo mkono unabaki unanata. Hilo halimzuii anayependa hewa ya nje, lakini yule anayetafuta kukaa na kanga nyepesi akisoma kitabu anafaa kujua kwamba ndoto hiyo ni ya Mediterania kati ya Juni na Septemba, au Karibi, au Ghuba ya Uajemi kati ya Novemba na Machi. Kwingine na wakati mwingine, roshani ni ya kutoka dakika kumi, kupiga picha na kurudi ndani.

Dirisha nalo lina adui wake, chumvi. Baada ya usiku wa mawimbi kioo hubaki na utando mweupe ambao huwezi kuufuta, kwa kuwa uko nje na dirisha halifunguki. Utasubiri mabaharia waoshe meli ikiwa bandarini.

Hatua ya tatu: mwili wa unayesafiri naye

Meli inapokwenda mrama, sehemu ya katikati na ya chini ndiyo inayotikisika kidogo. Ukipanda juu mtikisiko unaongezeka, ukienda omo (mbele) au tezi (nyuma) unaongezeka tena. Na hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi sana: kabini za dirisha mara nyingi ziko sitaha (yaani ghorofa) za chini, na za roshani ziko juu, kwa sababu mashua za uokoaji zimechukua nafasi ya katikati. Kwa hiyo mtu anayechafukwa na tumbo haraka anaweza kulala vizuri zaidi kwenye dirisha la bei ndogo kuliko kwenye roshani ya ghali iliyo juu kabisa mbele.

Kama hujui tumbo lako, panda meli ya MV Kalangala ya Ziwa Viktoria kutoka Nakiwogo hadi Lutoboka siku ambayo ziwa limechafuka. Ni saa tatu na nusu hivi. Mawimbi ya ziwa letu ni mafupi na ya haraka, si sawa na ya bahari kuu, lakini ukitoka pale umekunja uso, utakuwa umejua: chukua kabini ya chini katikati, na uzungumze na mfamasia kuhusu dawa kabla ya kuondoka. Kuona upeo wa macho husaidia, na ndiyo maana hata dirisha dogo ni bora kuliko kabini ya ndani kwa mtu wa namna hii.

Mzee anayetembea kwa shida ni hali tofauti. Akiwa na roshani anaweza kukaa nje bila kupanda lifti na kushindania viti na watu mia kando ya bwawa. Kwa wazazi wetu wa miaka sabini na kuendelea, mimi huitetea roshani hata pale hesabu ya saa haijafika. Vivyo hivyo kwa mama mwenye mtoto mchanga: mtoto akilala saa saba mchana, yeye yuko nje mita mbili kutoka kitandani, mlango wazi, anamsikia.

Watoto wa miaka mitatu hadi minane, hapana. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 inataka urefu wa ukingo usipungue sentimita 107 hivi kwa meli zinazopakia au kushusha abiria nchini humo. Urefu huo unatosha mpaka mtoto asogeze kiti. Ukichukua roshani na watoto wa umri huo, sogeza viti na meza mbali na ukingo kila mara unapoingia ndani, na hakikisha komeo la juu la mlango limefungwa.

Hatua ya nne: jua unachouziwa hasa

Jina la aina ya kabini halitoshi. Kuna madirisha ya duara ya sitaha za chini kabisa, ambayo bahari ikichafuka mabaharia huyafunika kwa kifuniko cha chuma, ukabaki gizani hadi hali itulie. Kuna madirisha makubwa ya mstatili, haya ndiyo ya kutafuta. Kuna madirisha yanayotazama njia ya matembezi, watu wanapita sentimita chache kutoka kitandani kwako, na mchana kutwa pazia limefungwa. Na kuna madirisha yaliyozibwa na mashua ya uokoaji. Haya huuzwa kwa bei ya chini na kampuni husema wazi kwamba mtazamo umezibwa, ila maneno hayo huwa madogo, chini ya picha. Kama mashua imeziba nusu ya chini tu na wewe unataka mwanga wa kuamkia, hilo ni punguzo zuri. Kama ulitaka bahari, usiiguse.

Roshani nazo hazifanani. Meli kubwa za Royal Caribbean za kundi la Oasis, zilizoanza mwaka 2009, zina roshani zinazotazama ndani ya meli yenyewe, kwenye bustani au uwanja wa burudani. Unakaa nje, unaona miti na watu, na bahari huioni au unaiona kwa mbali kwenye pengo. Bei yake huwa chini ya roshani ya bahari, na anayechagua haraka kwenye simu anaweza kudhani amepata bahati. Meli ya Celebrity Edge ya mwaka 2018 ilileta mtindo ambao roshani ni sehemu ya chumba, na kioo cha juu kinateremka kwa kubonyeza kitufe. Unapata nafasi zaidi ndani, lakini ile hali ya kutoka nje kabisa haipo. Nyingine zina ukingo wa chuma badala ya kioo, kwa hiyo ukikaa unaona chuma. Ukisimama ndipo unaona maji. Zipo pia zinazotazamwa kutoka juu na majirani, na anayejisitiri anapaswa kulijua hilo mapema.

Soma vipimo pia. Kabini ya kawaida ya dirisha ina mita za mraba 14 hadi 17 hivi. Ya roshani huweza kutajwa kama 21, kumbe nne au tano kati ya hizo ni roshani yenyewe, na chumba ni kilekile. Kwa anayeswali kabinini, au familia yenye masanduku manne, sakafu ya ndani ndiyo ya kuulizia.

Jihadhari na picha za zamani. Bado utaona tangazo la watu wamesimama kwenye roshani meli ikipita mbele ya uwanja wa Mtakatifu Marko, Venice. Tangu tarehe 1 Agosti 2021 Italia imezizuia meli kubwa kupita pale. Sasa hutia nanga Marghera au bandari nyingine za jirani. Mandhari hiyo hainunuliki tena kwa roshani yoyote ya meli kubwa.

Hatua ya tano: ramani ya sitaha

Kila kampuni huweka ramani za sitaha kwenye tovuti yake. Tafuta namba ya kabini unayopewa, kisha fungua sitaha iliyo juu yake na iliyo chini yake. Unachotaka ni kabini juu na kabini chini. Roshani ya sitaha ya juu kabisa mara nyingi ina bwawa au mgahawa juu yake, na alfajiri wafanyakazi wanapanga viti, chuma kinaburuzwa kwenye sakafu moja kwa moja juu ya kichwa chako. Dirisha la chini mbele nalo liko karibu na mashine zinazoisogeza meli gatini: saa kumi na mbili asubuhi kitanda kinatetemeka, na hakuna aliyekuambia. Chini ya kumbi za muziki, sahau usingizi kabla ya saa nane usiku.

Angalia pia alama ya mlango unaounganisha kabini mbili. Ukisafiri na familia ni baraka. Ukisafiri wawili, sauti ya televisheni ya jirani hupita hapo.

Nikilazimika kuchagua kati ya roshani mahali pabaya na dirisha katikati ya meli penye utulivu, nachukua dirisha bila kusita.

Hatua ya sita: upande

Kama safari ni ya mzunguko, upande hauna uzito mkubwa, usichoke nao. Kwa safari ya kwenda tu, una maana. Meli inayopanda pwani ya Norway kuelekea kaskazini ina nchi kavu upande wa kulia, ikishuka ni kushoto. Ukiingia Istanbul kutoka Bahari ya Marmara, mji mkongwe na minara yake viko kushoto. Jua pia lihesabu. Huku kwetu linapita utosini. Kule Mediterania linapita upande wa kusini. Meli ikielekea mashariki, kulia kunapata jua siku nzima. Julai utaukimbia upande huo, Oktoba utautafuta.

Ndani ya mkondo mwembamba wa Norway, hata mwenye roshani namshauri apande sitaha ya juu. Roshani inakuonyesha ukuta mmoja wa mlima, na pale iko miwili.

Hatua ya saba: fedha yote, pamoja na makaratasi

Bei hutajwa kwa mtu mmoja, kwa kudhani mnalala wawili. Tuseme tofauti kati ya dirisha na roshani ni dola 250 kwa mtu. Kwa wawili ni dola 500. Anayesafiri peke yake mara nyingi hulipa karibu nauli ya watu wawili, kwa hiyo kwake tofauti hiyo nayo inaweza kuwa mara mbili. Weka hizo 500 kwenye karatasi na uandike zingeweza kununua nini: usiku mmoja wa hoteli kabla ya meli kuondoka, ili ndege ya kutoka Entebbe ikichelewa usikose meli, ada za viza, bakshishi ya wahudumu inayotozwa kila siku kwa kila mtu, ziara mbili za bandarini. Kwa safari ya kwanza, ule usiku mmoja wa hoteli una thamani kuliko roshani. Meli haimsubiri abiria.

Kwa familia ya watu wanne, linganisha kabini moja ya roshani na kabini mbili za dirisha zenye mlango wa kuunganisha. Bafu za meli ni ndogo mno, na vijana wawili wakubwa na wazazi wao asubuhi ya kushuka bandarini watahitaji bafu la pili kuliko kiti cha nje. Bei wakati mwingine hukaribiana sana.

Halafu makaratasi. Mwenye pasipoti ya Uganda anahitaji viza ya Schengen (viza moja kwa nchi nyingi za Ulaya) kwa njia nyingi za huko, na kama meli inatoka nje ya eneo hilo kwenda Uturuki, Tunisia au Uingereza kisha inarudi, inabidi iwe viza ya kuingia zaidi ya mara moja, pamoja na ruhusa ya nchi hizo nyingine. Maombi ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Malipo ya mwisho ya meli kwa kawaida hudaiwa siku 60 hadi 90 kabla. Kwa hiyo peleka maombi mapema, lipa amana inayorudishwa, na usichukue ile bei ya chini isiyorudishwa kabla viza haijagongwa. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe ndani ya pasipoti, si kwenye sanduku.

Hatua ya mwisho: mwandikie wakala kwa usahihi

Ukimwambia wakala "nataka roshani", atakupa yoyote. Andika hivi, hata kwa WhatsApp:

"Habari ya kazi, dada. Naomba kabini ya dirisha kubwa, katikati ya meli, kabini juu na kabini chini, mtazamo usizibwe na mashua. Tupo wawili. Naomba namba ya kabini kabla ya kulipa, na masharti ya kurudishiwa amana. Nitumie pia bei ya roshani sehemu hiyohiyo ya meli nilinganishe. Asante."

Akikupa bei ya chini sana bila namba ya kabini, ujue ni ile ambayo kampuni itakuchagulia yenyewe baadaye. Unahakikishiwa aina tu, mahali hapana. Kwa mwenye tumbo gumu na usingizi mzito ni ofa nzuri. Kwa wengine wote, lipa kidogo zaidi uchague.

Wiki chache kabla ya safari unaweza kupata barua pepe ya kupandishwa daraja: ongeza kiasi fulani upewe roshani, au utaje mwenyewe kiasi unachoweza. Uliza mahali kabla ya kukubali, ukiweza. Kama umeshachagua dirisha katikati kwa sababu ya mama anayechafukwa na tumbo, na unaloahidiwa ni roshani popote itakapopatikana, kataa ubaki na dirisha lako.